Mshono Chini ya Zulia

Jumamosi ile yadi ya magari ilifurika wanunuzi na wapita njia wanaopenda kukagua visivyo vyao. Katikati ya vurugu hiyo, mwanamke wa gauni la kijani alikuwa amekaa nyuma ya usukani wa gari dogo la rangi ya fedha, kafunga mlango, hashuki.

"Dada, naomba nipite nizibe mkwaruzo hapo mlangoni," alisema fundi mmoja, ovaroli yake imejaa madoa ya rangi.

"Mkwaruzo wa gari langu uache."

"Umeshalilipia?"

"Nimeshalipenda. Kulipia ni Jumatatu."

Fundi alicheka, na yule dada, ambaye hakukusudia, akacheka pia. Alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi. Miaka sita alidunduliza huku kaka zake watatu wakimchagulia magari wasiyoulizwa. Hili alilichagua mwenyewe: halinywi mafuta, buti lake pana, vipuri vyake vimejaa kila duka.

"Lina nini baya?" aliuliza, maana fundi alikuwa ameacha kucheka ghafla.

"Yapo mengine mazuri," alijibu.

Jumatatu aliambiwa gari limeuzwa. Alilia chooni, akanawa uso, akaingia zamu. Jioni fundi, aliyeipata namba yake pale yadi, akampigia kumpa pole, na pole ikazaa chai, chai ikazaa Jumamosi za kuzunguka wakitafuta gari jingine. Mafundi wenzake walimwita Milimita kwa jinsi alivyopima kila kitu. Muuguzi alimwita hivyo hivyo, ila kwa sauti ambayo wenzake hawakuwa nayo.

"Milimita wangu, hili je?"

"Linavuja oili, laazizi."

"Na lile?"

"Lile limechoka kuliko babu yangu."

"Wewe huna zuri! Ungekuwa unachagua mke, ungezeeka."

"Mke nimeshapata. Sasa natafuta gari la kumbebea."

Mwezi wa pili walianza kupanga harusi. Hapo ndipo muuguzi alipopita pale yadi akitoka kazini, akaliona gari lake la rangi ya fedha limeegeshwa palepale, limeoshwa, linang'aa.

"Si mliniambia limeuzwa?" alimuuliza mwenye yadi.

"Aah, mama, muulize fundi wako. Yeye ndiye alisema tukudanganye. Nikimkatalia, nani atanipigia rangi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Muuguzi alipiga simu akiwa amesimama palepale.

"Haloo, kipenzi changu..."

"Kipenzi chako nani? Umenipiga changa la macho miezi miwili! Unanizungusha juani kila Jumamosi, kumbe gari lipo! Na wewe umejiunga na kaka zangu? Mimi sijui kuchagua?"

"Nisikilize..."

"Nalilipia sasa hivi."

"Usilipie! Nakuja!"

Alifika akihema, hakusalimia mtu. Alifungua mlango wa nyuma, akang'oa kiti, akafunua zulia. Mstari wa kuchomelea ulikatiza sakafu yote, upande hadi upande, mwembamba na safi.

"Mbele ni gari moja, nyuma ni jingine," alisema akiangalia chini. "Yote mawili yalipata ajali. Niliyaunganisha mimi."

"Likigongwa?"

"Linaachana hapa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenionaje? Nilikuwa nakulinda."

"Kunilinda mimi!" Sauti yake iliwafanya wanunuzi wageuke. "Na atakayelinunua baada yangu? Hana mama? Hana watoto wa kukaa hicho kiti? Unajua wanaletwa wapi, Milimita? Wanaletwa kwangu! Mimi ndiye ninayewakatia nguo kwa mkasi!"

Fundi aliinama akalirudisha zulia, na mimi ninayesimulia simtafutii jibu. Kuna watu wanadhani wema wa nyumbani unafuta ubaya wa kazini. Haufuti.

Siku tisa muuguzi hakupokea simu. Alimpenda bado, na hilo lilimkasirisha kuliko gari. Siku ya kumi ukaja ujumbe: Njoo karakana mchana. Usipokuja nitaelewa.

Alikwenda na sare yake ya kazi, uso umekunjwa. Katikati ya karakana gari la rangi ya fedha lilikuwa vipande viwili. Fundi alikuwa amelikata palepale kwenye mshono, na mashine ya kukatia ilikuwa bado ya moto mkononi mwake.

"Umeliiba?"

"Nimelinunua. Kwa akiba ya harusi, yote. Na pale yadi nimeacha kazi."

Muuguzi alilizunguka gari lile, nusu ya mbele, kisha nusu ya nyuma. Alitamani kumpiga kofi, akatamani kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Umeunganisha mangapi mengine?"

Fundi aliiweka mashine chini. "Mawili."

"Yako wapi?"

"Moja linaendeshwa na mwalimu, mtaa wa pili. Jingine sijui."

"Harusi tutafunga, hata kwa chai na mkate. Lakini sisimami mbele ya watu na wewe mpaka mwalimu huyo aambiwe, na hilo jingine litafutwe."

"Mwalimu atanitukana."

"Akutukane. Mimi nitakuwa pembeni yako, na akichoka nitaendelea mimi."

"Bado umekasirika, mpenzi?"

"Sana," alisema, akamshika mkono mchafu wa rangi. "Twende kabla haijafika saa yake ya kutoka shule."