Jike la Manjano

Saa nane za usiku ndiyo ilikuwa saa yake. Ukisikia mtoto analia kwenye jengo letu saa hizo ujue ni wangu, na kilio chake kilikuwa na mtindo, anaanza na kwikwi mbili, anatulia kama mtu anayevuta pumzi apige mbizi, halafu anapasua. Mume wangu alimbatiza Kipaza, kwa ajili ya kipaza sauti, akasema tumkodishe kwenye mikutano ya hadhara. Alikuwa na miezi minne. Majirani wa ukuta wa kushoto walikuwa wakitugongea kwa kitu kama mwiko, na mimi nazunguka naye sebuleni, macho yamenivimba, namwomba kwa sauti ya chini, nyamaza mama, nyamaza, hata kidogo tu. Nilimwomba sana. Maneno hayo niliyatoa mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sasa asubuhi moja ya kawaida kabisa nikampeleka kliniki kupimwa uzito. Pale mbele ya benchi la kusubiria palikuwa na tangi la samaki, na Kipaza, aliyekuwa amelia tangu getini, akawaona, akanyamaza. Akawafuata kwa macho dakika arobaini nzima. Muuguzi akacheka, akaniambia mama, dawa yako haiko kwa daktari, iko hapo kwenye kioo. Nikarudi nyumbani mbiombio kumweleza mume wangu, ambaye ni fundi wa vioo vya madirisha, vipande vimejaa stoo, na kabla sijamaliza alishashika futi.

Tangi letu alilijenga kwa siku mbili kwa gundi ya silikoni, akaliacha siku tatu likauke, akalijaza maji bafuni kulijaribu. Halikuvuja hata tone. Muuza samaki akatushauri tuanze na sikilidi, samaki wa ziwani wenye rangi za manjano na bluu, wagomvi lakini wagumu, wanaotaka mawe mengi ya kujifanyia mapango na maji yenye chokaa. Na wanataka subira, akasema. Tangi liwashwe pampu na chujio, likae wiki sita bila samaki hata mmoja, maji yapate vijidudu vyake vya kula uchafu, la sivyo samaki watakufa kwa sumu ya mavi yao wenyewe.

Wiki sita nisingefika. Nadhani aliiona sura yangu, maana akasema ipo njia ya mkato. Ukipata sifongo ya chujio na mawe kutoka tangi la mtu lililokomaa, ukayahamishia kwako siku hiyohiyo, kesho yake unaweka samaki. Ila ujue tangi ni la nani, kwa sababu sifongo huja na kila kilichokuwa kwenye maji yale. Alikuwa anazungumzia magonjwa. Nafikiri alikuwa anazungumzia magonjwa.

Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, mshonaji wa sare za shule aliyeishi peke yake, alikuwa na tangi la zamani. Nikamshukia. Cherehani dirishani, tangi ukutani, mawe yamepangwa vizuri, mapovu yanapanda, samaki hakuna. Nikamuuliza walikufa lini. Akasema hajawahi kuweka samaki humo. Nikataka kucheka, nikaona yeye hacheki. Akaniuliza kama yule anayelia usiku ni wa kwangu, na mimi nikaanza kuomba radhi kama nilivyozoea, bibi utusamehe, ni tumbo lake, lakini akanikatiza kwa mkono. Akanipa ndoo ya mawe na sifongo nyeusi tii, inateleza kama ini, akaniinamia sikioni.

"Usiioshe," akanong'ona. "Atanyamaza tu."

Nikamshukuru. Nilimpelekea hata kilo ya sukari.

Tukaweka samaki sita, jike mmoja wa manjano na wengine wa bluu, na wiki ile ya kwanza, jamani, nililala. Kipaza akilia namsogeza kwenye kioo, anatulia, jike yule anakuja mbele yake anasimama, wanaangaliana. Mume wangu akajisifu mtaa mzima. Siku ya tisa nikaona kidevu cha jike kimevimba, na akitupiwa chakula anakipa kisogo. Nikampigia muuza samaki, akafurahi kuliko mimi. Akasema amebeba, hawa majike hulea mdomoni, hafungui, hali, kama wiki tatu hivi, mpaka watoto waive. Akanifundisha na namna wafugaji wanavyowatemesha, unamshika kwa mkono uliolowa, unabonyeza mdomo wa chini kwa kidole gumba, taratibu, wanamwagika wenyewe. Lakini mwache, akasema, mama anajua kazi yake. Nikakaa pale nikimnyonyesha wangu, nikajisikia tuko wamama wawili.

Jioni ileile Kipaza akaamka na njaa. Akafungua mdomo. Uso ukawa mwekundu, machozi yakatiririka, miguu ikapiga teke, mwili wote ukalia.

Sauti haikutoka.

Daktari alimmulika koo kwa tochi, akasema halina kidonda, sauti imekauka tu, itarudi. Mume wangu akasema betri ya Kipaza imeisha, tuichaji, halafu alipoona sijatabasamu akanishika bega. Siku tatu. Siku nne. Ananyonya vizuri, anacheka bila mlio, analia bila mlio. Majirani wa mwiko wakaniambia hongera. Mimi nikawa silali tena, naamka namwekea kiganja kifuani nione kama yumo.

Siku ya tano mchana, mume wangu yuko kazini, nikaizima pampu ili nimsikilize kifua vizuri. Mapovu yakaisha. Chumba kikawa kitupu kwa ukimya. Kipaza akakunja uso, akafungua mdomo wake.

Kwikwi mbili. Kimya kidogo. Halafu kilio.

Kilitoka kwenye kioo.

Kilikuwa kidogo, cha mbali, kama redio ya jirani iliyofungiwa kabatini, lakini ni chake, maziwa yangu yalichuruzika yenyewe mpaka yakalowesha blauzi. Nikageuka. Jike amebandika mdomo kwenye kioo, anatutazama. Koo lake linatetemeka. Kipaza akafunga mdomo, koo likatulia. Akafungua, likatetemeka.

Sikumpigia mtu simu. Nilimlaza mtoto mkekani, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikalowesha mkono, nikaingiza neti. Jike hakukimbia. Aliingia mwenyewe. Nikamtoa, nikamshika, na alikuwa wa moto. Samaki, na alikuwa wa moto kama mtoto mwenye homa. Nikabonyeza mdomo wa chini kwa kidole gumba, taratibu, kama nilivyofundishwa.

Hakukuwa na yai. Hakukuwa na mtoto wa samaki. Mle ndani palikuwa peusi, ikatoka pumzi.

Nyuma yangu, mkekani, mwanangu akalia.

Kwa sauti. Sauti kubwa ya kweli. Nilimrudisha samaki majini, nikamnyakua mtoto, nikamkumbatia, nikalia naye, nikamwambia lia mama, lia unavyotaka, waache wagonge. Furaha yangu ilidumu muda wa kumpandisha begani tu. Hakuanza na kwikwi. Hakutulia kati. Kilikuwa kilio kirefu, cha chini, chenye mikwaruzo, kama cha mtu aliyeita kwa muda mrefu nyuma ya mlango, akachoka, akaendelea kuita.

Nikashika blauzi. Maziwa hayakushuka. Mwili wangu haukumjua.

Mlango ukagongwa, nikafungua. Alikuwa bibi wa chini. Alipanda ngazi za ghorofa tatu bila viatu, utepe wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni. Hakunisalimu, na mimi sikumwamkia. Alifumba macho akasikiliza.

"Huyo ni wangu," akanong'ona. "Alilia siku tatu tu. Miaka thelathini na moja sijamsikia."

Nilimuuliza wangu yuko wapi. Nilijua, lakini nilimuuliza.

Akanyoosha kidole. Jike amerudi kwenye kioo. Kidevu chake bado kimejaa.

Nikaenda kumshika tena, bibi akanidaka mkono, na ana nguvu mzee yule.

"Ukimtemesha tena atammeza. Mtoto hatoki kwa nguvu, binti. Hutoka kwa mama aliyefunga mdomo. Mimi nilimwambia mama yangu, nikamwambia mume, nikawaambia mashangazi. Kila niliyemwambia aliniongezea miaka; wangu ametoka leo kwa kuwa imekwisha."

Akaniomba ambebe kidogo. Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Mtoto akanyamaza kifuani kwake kama kwa mtu anayemfahamu.

Leo ni siku ya sitini na tatu tangu mchana ule. Mume wangu ana furaha, Kipaza amerudi, majirani wamerudia mwiko wao. Saa nane za usiku mtoto akianza, namsikia bibi akipanda ngazi na kukaa nje ya mlango wetu, hagongi, anasikiliza mpaka kiishe, anashuka. Mume wangu anadhani ni paka. Muuza samaki nilimwambia tu kwamba jike hajala, akasema haiwezekani, wiki tatu zikipita huwa ametema au amemeza au amekufa. Huyu hajakonda. Kidevu chake kinakua.

Na ule ukoga wa kijani unaoota kwenye kioo, nilioambiwa nisiusumbue kwa sababu sikilidi wanaupenda, tangu juzi nakuta umefutika mahali pamoja. Upande wa ndani. Alama ya kiganja na vidole vitano, vifupi, vimetanuka. Niliweka mkono wa mtoto pale kupima. Unaenea sawasawa.

Sijafungua mdomo. Nimeandika, na nimejishawishi kwamba kuandika si kusema, maana ningepasuka, na kichwa kinachobeba hili peke yake siku moja kingelitoa mbele ya watu. Kama nimekosea, jike yule atanidai miaka yangu, nitalipa. Lakini ni wewe tu unayesoma hapa, basi. Baba yake hajui na hatajua. Mama yangu ananipigia simu kila Jumapili kuuliza mbona siku hizi nimekuwa mtu wa kuitikia tu, namwambia niko sawa.

Simwambii mtu mwingine. Naapa kwa huyo aliye mdomoni, simwambii mtu mwingine tena.