Waya Mkiani mwa Ndege

Rafiki yangu fundi na shemeji yake walijiundia ndege ndogo gereji. Shemeji alipouliza kuhusu antena ya kifaa cha kuomba msaada kwa redio ndege ikianguka, rafiki yangu alijibu, "Nimeshaifunga, ondoa shaka." Alikuwa hajaifunga. Ndege ilianguka msituni shemeji akiirusha peke yake, mlio wa kifaa haukumfikia mtu, naye akafa akisubiri kutafutwa.

Juzi rafiki yangu alikuwa akimfungia mtu mwingine antena kama ile kwenye ndege yake. Alijipenyeza mkiani, kwenye giza totoro. Redio iliyokuwa mezani pale gereji ikaanza kulia mlio wa kuomba msaada, wiii, wiii, na kifaa cha ndege hiyo kilikuwa bado kwenye boksi, hakina hata betri.

"Shemeji," alinong'ona, "nisamehe."

Mlio ukakatika. Kisha waya wa antena alioushika, ambao ulikuwa haujaunganishwa popote, ukavutwa taratibu kuelekea gizani.