Choo cha Maji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Karani hukaa kwenye kigoda kando ya cherehani na kushika simu. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi nguo, ambaye macho yake hayasomi tena herufi ndogo. Utumbo wa baba una vidonda, na kliniki iko mbali. Kwa hiyo muuguzi hutuma maswali kwa simu, na kwa majibu anayopata hujua kama dawa inafaa au ibadilishwe.

"Baba, dawa umekunywa?"

"Nimekunywa, Karani wangu."

Mengine hakumuuliza. Alijibu mwenyewe, chapuchapu. Choo ni cha maji? Hapana, chao ni cha shimo, mtaa mzima unajua. Choo kina damu? Siku ya kwanza swali hilo lilimduwaza. Alichukua tochi akaenda uani, akamulika sakafu aliyoisugua mwenyewe. Safi kabisa. Akabonyeza hapana. Hospitali inataka nini na choo cha watu? Lakini angemuuliza nani, naye ndiye karani?

Simu ikajibu, kama ilivyojibu kila siku: Hali ni nzuri. Endelea na dawa ileile.

Mbona basi baba anakonda? Mkanda wake umetobolewa tundu jipya mara mbili. Sare za wanafunzi zimelala mezani bila vifungo, maana akikanyaga cherehani kidogo tu, huyoo, mbio uani. Karani aliitazama simu, akamtazama baba. Mmoja wao anadanganya, lakini nani? Aliogopa baba asije akamfia huku simu ikisema hali ni nzuri.

Jumatano baba alishindwa kuinuka kitandani. Karani akampigia muuguzi.

"Sielewi," muuguzi alisema. "Wiki tatu majibu yenu ni mazuri. Choo si cha maji?"

"Si cha maji, dada. Ni cha shimo."

"Cha nini?"

"Cha shimo. Na damu hakuna, huwa namulika na tochi."

"Mdogo wangu, sikuuliza choo mnachoingia. Nimeuliza choo anachopata baba."

Masikio ya Karani yaliwaka moto. Akampa baba simu. Baba akageukia ukutani, akasema kwa sauti ya chini: mara nane kwa siku, majimaji, na damu.

Siku hiyohiyo alipelekwa kliniki, akabadilishiwa dawa. Baada ya wiki mbili akarudi kwenye cherehani yake. Muuguzi alipokuja kumjulia hali, aliwaketisha wote wawili.

"Swali langu lilikuwa na kasoro, nimeliandika upya," alisema. "Lakini wewe Karani hukuelewa, ukajibu tu. Nawe fundi ulijua unaumwa, ukamwonea haya mwanao. Mkificha, mimi kule nitatibu nini?"

Kesho yake asubuhi Karani alikaa kwenye kigoda chake. "Baba, choo unachopata leo kikoje?"

Baba alikohoa, akahangaika na uzi ambao ulikuwa umeshaingia kwenye sindano. Kisha akamjibu.