Lipu Mbichi Mlangoni kwa Mama Eliza

Rafiki yangu Hezekia, fundi wa lipu, si mtu wa kutunga maneno, na haya yalimpata kijijini Mtinko mchana kweupe. Mama Eliza alimwita azibe ukuta wa jiko la kuni, uliobanduka lipu kwa joto la moto.

"Shikamoo mama. Ukuta umebabuka kama ukoko wa ugali!"

"Marahaba. Ziba kwanza, fundi, utacheka baadaye."

Hezekia akaingia peke yake; jikoni hamkuwa na dirisha. Upepo ukaubamiza mlango, giza likamfunika. Akausukuma, haukutikisika. Ndipo akasikia mwiko wa kupigia lipu ukikwangua kwa nje, taratibu, kama wa fundi asiye na haraka.

"Mama! Nani anapiga lipu huko?"

"Niko peke yangu, fundi. Sukuma!"

Akaanza Baba Yetu. Haoni haya kusema kwamba maneno yalimpotea katikati. Pumzi ilimwishia, na mwiko ule haukukoma. Akajitupa kwa bega, mlango ukaachia, akaangukia juani.

Mama Eliza alikuwa amesimama, mikono yake mikavu. Kuzunguka fremu yote ya mlango, kwa nje, kulikuwa na lipu mbichi iliyosawazishwa vizuri, ikifuka mvuke.