Aliyeushikilia Mshono

Haya nimeyasikia kwa Orest Hnatiuk mwenyewe, jirani yangu wa uzio mmoja, mtu asiyependa porojo. Wenzake wakianza hadithi za mizimu, yeye huinuka kwenda kuongeza kahawa. Kwa hiyo ukitaka kucheka, subiri nimalize.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi walitoka kanisani, wakakaa mezani kama kawaida. Mkewe, Olha, alikuwa amepika perohy, yale maandazi ya kuchemsha ya Kiukraini, yaliyojazwa viazi, na vitunguu vya kukaanga juu yake. Ngano ilikuwa imeshavunwa, upepo ulikuwa unapiga tambarare yote ya Saskatchewan, huku Kanada, na dirishani ulionekana moshi wa mtambo wa umeme. Binti yao wa pekee, Daria, alikuwa ametoka kuajiriwa huko kuendesha boila. Orest naye alichomelea maboila ya mtambo huohuo mpaka alipostaafu, na mchana ule alikuwa amejaa fahari hata kola ya shati ilimbana.

"Baba," Daria alisema, "hivi wastaafu mnaruhusiwa kupanda juu ya boila?"

"Nani kakwambia? Mimi naishia getini, tena kwa kupungiwa mkono tu."

"Basi kuna mzee kawapita wote. Ijumaa baada ya chakula nimemkuta ghorofa ya juu kabisa."

Daria alikuwa amepanda na ufagio. Usidhani alikwenda kufagia. Mvuke wa boila kubwa ni mkali mno, ukivuja hauonekani kwa macho, unasikia mlio tu. Kwa hiyo ukisikia mlio, unatembea umetanguliza ufagio mbele yako, ili kama kuna kitu cha kukatwa, kikatwe ufagio. Daria alikuwa ameambiwa kuna mlio huko juu. Akamkuta mzee amelielekea bomba kuu la mvuke, kavaa koti la ngozi la mafundi, mgongo wote umeliwa na cheche. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya bomba, analisukuma kama mtu anayesukuma gari lililozimika.

"Uso sikumwona. Nikamwambia, mzee wangu, hapa husimami bila kofia. Hakugeuka. Akasema kwa sauti ya chini: 'Pita mbali, Kifaranga. Mwambie baba yako mikono imechoka.'"

Olha akaanza kucheka. "Kifaranga? Aliyekuwa akikuita hivyo ulipokuwa mdogo ni mtu mmoja tu." Kisha akaacha kucheka, akapiga ishara ya msalaba. Mtu huyo alikuwa Metro Sawchyn, na wao wenyewe walikuwa wamemzika wakati wa Kwaresima.

Orest aliendelea kutafuna, macho kwenye sahani.

Metro alikuwa mwenzake wa kazi. Bomba nene kama lile halichomelewi na mtu mmoja. Mafundi wawili husimama huku na huku, wanakwenda kwa mwendo mmoja, ili chuma kisivutwe upande. Orest na Metro walikuwa wamesimama hivyo maisha yao yote ya kazi, na walikuwa wameshazoeana hata kikohozi.

Sasa sikiliza kosa lilivyokuwa. Lile bomba la juu ni la chuma maalumu kinachostahimili moto, na vijiti vyake vya kuchomelea ni vya chuma cha ukoo huohuo. Mabomba ya chini yana vijiti vyake, vya chuma hafifu zaidi. Ukivitazama, ni ndugu pacha. Vinatofautiana kwa alama ndogo tu upande wa kushikia. Fundi hubeba vijiti ndani ya mkebe wa umeme, vikae vya moto visishike unyevu, na sheria ni moja: mkebe mmoja, aina moja. Ukimaliza kazi ya chini, masalia unayarudisha stoo kabla ya kuchukua vingine.

Siku moja, miaka ya nyuma, Orest alitoka chini, akaangalia zile ngazi za kurudi stoo, akaona uvivu. Akavipanga vijiti vipya juu ya vile vya zamani. Vya juu vikaisha, mkono ukashuka chini, ukachukua ulivyovikuta. Alipogundua, Metro alikuwa ameshika kipande kilichoanguka, anasoma alama yake.

"Orest," Metro alimnong'oneza, "hiki kimefikaje huku?"

Dawa ilikuwa moja: kukata mshono wote, kusafisha, kulipasha bomba upya na kuanza mwanzo. Maana yake kumwambia msimamizi, na msimamizi angemwondoa kazini palepale, maana tayari alikuwa na maonyo mengine. Daria alikuwa bado shule. Orest alimsihi mwenzake kama mtoto. Eksirei huona tundu na ufa, haioni ni chuma cha aina gani. Kile kifaa cha kupimia chuma nacho husoma ngozi ya juu tu. Wakifunika kwa vijiti sahihi, nani atajua?

Metro alimtazama sana. Kisha akasema, "Haya, funika." Wakafunika, kipimo kikapita. Hawakulitaja tena, hata Metro alipolazwa mapafu yakiwa yameisha. Orest alikwenda kumwona mara moja, akakaa kidogo, akatafuta kisingizio akaondoka. Aibu ilikuwa imemkaba.

Chuma hafifu kwenye moto ule hakivunjiki siku moja. Kinalegea pole pole, mwaka baada ya mwaka, mpaka kinapasuka. Orest alilijua hilo kila alipolala.

Na unadhani alifanya nini baada ya kuyasikia maneno ya binti yake? Angeweza kuinua simu palepale. Badala yake alimvuta Daria uani na kumwambia, "Kesho usiende. Sema unaumwa. Mwombe mtu akushikie zamu."

"Kwa sababu ya mzee mmoja aliyepotea njia? Baba, umeanza uzee kweli."

"Nakuomba, mwanangu."

Daria hakuwahi kumsikia baba yake akiomba. Akabadilishana zamu na Nestor Bilyk, kijana mwenye mke mjamzito. Orest alilisikia jina hilo kupitia dirishani, akajifanya hajasikia. Wa kwake yuko salama. Huo ndio ubinadamu wetu, tukibanwa.

Jumatatu asubuhi, jua limewaka, aliingia gereji kutafuta reki ya majani. Mkebe wake wa vijiti ulikuwa rafuni, waya umekatwa tangu alipostaafu. Alipoupita, shavu lake lilihisi joto.

Akasimama. Akaunyooshea mkono. Ulikuwa wa moto.

Hakukuwa na umeme. Hakukuwa na waya. Ndani ya mkebe kitu kilikuwa kinagongagonga taratibu, kama vijiti vinavyotikiswa na mtu anayetembea. Anapanda ngazi. Orest aliujua mlio ule. Ngazi moja. Nyingine. Nyingine. Kisha ukanyamaza.

Harufu ya ngozi inayoungua ikajaa gereji.

Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, mtu alishusha pumzi ya kuchoka.

"Kijana wa Bilyk naye ana baba."

Orest hakugeuka. Aliniambia aliogopa kuiona ile mikono kuliko kuuona uso. Alitoka kinyumenyume, akaingia kwenye gari na slipa zake za nyumbani, akakimbiza mpaka mtamboni.

Getini hawakumpungia mkono, walimwona sura wakafungua. Msimamizi wa zamu alikuwa mama mmoja mkali anayeitwa Zenia Kostiuk. Orest alisimama mbele yake, akasema, "Zima boila. Mshono wa bomba kuu la juu niliuchomelea kwa vijiti visivyo vyake, nikaficha. Aliyeko juu mwite ashuke."

Zenia hakuuliza mara mbili. Akachukua redio kumwita Nestor. Redio ilikwaruza tu. Akaita tena. Orest alikuwa ameshika ukingo wa meza, anamwomba Mungu na kumwomba Metro, wote wawili kwa pamoja.

Mlango wa lifti ukafunguka. Nestor alitoka, mweupe usoni, ameshika mpini wa ufagio. Kichwa cha ufagio hakikuwepo. Mpini ulikuwa umekatwa laini, kama kwa wembe.

"Nani yuko kule juu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kuna mtu amenivuta kola kwa nyuma. Nimegeuka, hakuna mtu."

Boila likazimwa, likaachwa lipoe. Orest aliitwa ofisini, akajibu yote aliyoulizwa. Bomba lilipopoa walimruhusu apande, wabandue mabati na pamba ya kuzuia joto mbele yake. Ukiacha tundu mvuke ulilotoboa, pamba ile ilikuwa haijaguswa tangu siku walipoifunga, hata nyaya za kuifungia zilikuwa na kutu ya zamani. Chini yake, mshono ulikuwa umepasuka nusu ya mzunguko wa bomba. Mkaguzi alisema hajui kwa nini halikuwa limefumuka lote wiki nyingi zilizopita.

Kisha akasogeza taa. Huku na huku ya ufa, kwenye chuma chenyewe, palikuwa na alama mbili za viganja. Chuma kilikuwa kimebonyea chini ya kila kidole, kama unga uliokandwa.

Hakuna aliyeandika kitu. Walikata kipande kile, wakaweka bomba jipya, wakachomelea upya kwa vijiti vyake. Orest alipelekwa mbele ya chama cha mafundi, jina lake likafutwa, na watu wakaacha kukaa naye kanisani. Alisema ilikuwa haki yake. Boila likawashwa. Daria alirudi kwenye zamu yake, ingawa yeye na baba yake walikuwa hawaongei.

Lilikuwa limebaki jambo moja, kumwambia Stefka, mjane wa Metro. Akamkuta jikoni anabana perohy kwa vidole. Akaketi, akaeleza kila kitu, machozi yakimtiririka mzee wa watu. Stefka hakuinua kichwa.

"Hospitali waliniuliza anashika nini," alisema. "Siku zake za mwisho viganja vilikuwa vinaungua, shemeji. Wanamfunga bandeji jioni, asubuhi malengelenge mapya. Amelala kwenye shuka baridi. Tulimzika na glavu zake, watu wasione."

"Mbona hukuniita?"

"Alinikataza. Alisema, Orest ana binti, mwache alale."

Orest aliinamisha uso mezani, kwenye unga. Alilia mpaka akaishiwa sauti. Alipotulia, alisema, "Basi sasa amepumzika. Mshono umekatwa, shemeji. Amepumzika."

Vidole vya Stefka vikasimama.

"Nami nilidhani hivyo," alinong'ona. "Lakini leo asubuhi alikuwa hapo mlangoni. Kanipa mgongo. Ameomba glavu nyingine."

Orest aliinua kichwa. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari wa kutundikia glavu, na msumari ulikuwa mtupu. Mbao zilizouzunguka zilikuwa zimeungua, bado zinatoa moshi mwembamba.

Alikaa akiutazama. Stefka anasema rangi ilimtoka usoni pole pole, akaanza kutikisa kichwa kama mtu anayebishana. Kisha akaomba simu. Zenia alipopokea, Orest alimwambia azime tena, sasa hivi, na Daria ashuke. Zenia alimuuliza kwa nini.

"Nilichomelea na mshono mwingine siku ile," alisema Orest. "Kwa mkebe uleule. Peke yangu, jioni, Metro alipokwenda nyumbani."

Mshono huo wa pili hakuwahi kumwambia mtu. Hata Metro hakuujua, alipokuwa hai.