Namba ya Bwiza

Deusdedit aliingia dukani Jumamosi mchana, watu wamejaa hadi mlangoni, akapewa simu ya pili na kuanza kumpigia mama yake kelele mpaka Bukoba. Duka hilo la simu lilikuwa katikati ya Durban, makondakta wa teksi wakiita abiria nje, na aliyekaa mezani kuunganisha watu na makwao alikuwa Médiatrice, kilemba cha njano kichwani, hereni zikining'inia. Alivumilia weee, mwishowe akamgonga begani kwa kalamu.

"Kaka, pole pole. Mama yako iko anakusikia. Hata bila telefone angekusikia."

Duka zima likacheka, na Deusdedit naye akacheka. Alikuwa mrefu, ametoka kazini kiwanda cha nguo cha Pinetown, nyuzi bado zimemganda shatini. Tangu siku hiyo mama Bukoba akawa anapigiwa kila Jumamosi, hata akauliza mwanangu kuna nini huko.

Kulikuwa na Médiatrice, basi. Kutwa kucha aliunganisha watu, na yeye mwenyewe hakuwa na mtu. Wallahi, upweke ule usikie tu kwa mwenzio.

Ghorofa alilopanga, kule Albert Park, wenyeji na wageni walikuwa hawasalimiani. Lifti ikiharibika, ni wageni. Maji yakikatika, ni wageni. Siku mama mmoja wa Kikongomani aliposukumwa ngazini, MaNgcobo, mama wa Kizulu wa ghorofa ya chini, alisema amechoka, akawaita wote ukumbi wa kanisa watunge mchezo wa kuigiza. Sharti lilikuwa moja tu: kila mtu asimulie jambo lake la kweli, kisha liigizwe na mtu wa upande wa pili. Wazulu wawe wageni, wageni wawe Wazulu. Wenye haya waliruhusiwa kumtuma rafiki awasimulie. Deusdedit, aliyekaa jengo la jirani, alijifunga khanga akawa MaNgcobo akigombania kamba ya kuanikia nguo, na MaNgcobo mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Médiatrice alikuwa akija kushona mavazi, hasemi kitu. La kwake alimwambia Deusdedit peke yake, wamekaa kwenye benchi bustanini wakila machungwa. Kila Jumapili akishafunga duka, alisema, alikuwa akipiga namba ya kwao Bwiza, mjini Bujumbura. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na telefone yake ilikaa juu ya kabati la vitambaa. Vita vilipoingia mtaani kila mtu alikimbilia njia yake, na hadi leo hakuwa na habari za yeyote.

"Inalia tu," alisema. "Lakini kama iko inalia, basi nyumba iko. Mi naona kabati, naona na mlango. Sikataki miye, chéri. Nangojaka mpaka laini ikatike yenyewe."

Deusdedit alimshika mkono, moyo umemjaa. Naye, masikini, akadhani ametumwa, akaenda kumsimulia MaNgcobo.

Siku ya maonyesho ukumbi ulifurika. MaNgcobo alipanda jukwaani amefunga kilemba cha njano, watu wakaangua kicheko. Akakaa, akapiga namba, akasikiliza. Akaendelea kusikiliza. Kicheko kikafa, na mama mmoja mbele akaanza kulia. Nyuma kabisa, sindano mkononi, Médiatrice aliona aibu. Akatoka bila kuaga.

Deusdedit alipopiga simu dukani, alimjibu mara moja tu.

"Umenivua nguo mbele ya watu. Kile kilikuwa changu. Sikukuwaka na kingine."

Akakata. Na tangu hapo, ajabu, ghorofa lilibadilika. Watu walimshikia mlango wa lifti, wakamwita dada. MaNgcobo alimfuata dukani na mkate wa moto, akamweleza kwamba naye ana mwana aliyepotelea Johannesburg, na simu yake hailii hata kidogo. Wakaijaribu pamoja, wakaula mkate pamoja. Lakini MaNgcobo alirudi kwake, na Médiatrice akabaki na meza yake. Alimkumbuka yule mpiga kelele, akajichukia kwa kumkumbuka. Jumamosi zilipita, simu ya pili ikashikwa na wengine.

Jumapili moja anafunga duka, akamwona Deusdedit mlangoni, suti nyeusi katika joto lile, tai imemkaba, kofia mkononi. Alimwomba radhi. Alimweleza kwamba alidhani ametumwa kama walivyotumwa wengine, ila alipaswa kuuliza kwanza, na hakuuliza. Médiatrice alimsikiliza akiwa na funguo mkononi.

"Nipigie namba ya Bwiza," alisema Deusdedit.

"Ya nini?"

"Kwetu mtu hamchukui binti wa watu bila kujitambulisha kwao."

Médiatrice akapiga. Deusdedit akapokea simu kwa mikono miwili, akasimama wima. Ilikuwa inalia. Safari hii hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama yuko sebuleni mwa watu.

"Shikamoo, baba. Naitwa Deusdedit, mtu wa Bukoba. Nafanya kazi ya nguo, vitambaa navijua kidogo. Médiatrice ni mzima, usiwe na wasiwasi. Nilimkosea, nimemwomba radhi. Sasa nimekuja kwako kumposa."

Akangoja kama anavyongoja mtu mwenye adabu. Médiatrice alikuwa analia bila kujificha.

"Wanasemaje?"

"Bado inalia."

Akaichukua simu, akaiweka sikioni. Aliliona kabati, akauona na mlango.

"Baba," alisema, "miye nakubali."

Kisha akaiweka chini yeye mwenyewe, ingali ikilia.