Moyo wa Fundi Saa

Kila akitoka shule, Kasuku alipitia kibandani kwa babu yake, fundi saa. Kazi yake ilikuwa kumshikia tochi na kumpigia soga. Jina hilo la Kasuku alipewa na babu mwenyewe, maana mtoto yule, loo, hata usingizini aliongea!

Babu alikuwa na saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Miaka ilipita bila kuhitaji dawa. Sasa tezi za shingo zilikuwa zimevimba, mwili umekwisha, na bisibisi ndogo ilimchosha kama nyundo. Siku moja alishika meza ghafla, akauvuta mkono wa Kasuku kifuani pake. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, unasita, kisha mbio tena.

"Babu, nimwite mama!"

"Nyamaza, mjukuu wangu. Mzee mmoja kwenye foleni ya hospitali kaniambia, kwa umri huu ukitaja na moyo, hupewi dawa. Unaambiwa nenda kapumzike tu. Unataka babu yako afe?"

Kasuku akaapa kwamba hatasema.

Wiki ile ile walikwenda na mama kwa daktari wa damu. "Mzee," daktari alisema, "kuna vidonge vinavyolenga seli za saratani zenyewe. Viko vya aina mbili. Vya kwanza vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ukiumia damu inachelewa kukatika. Vya pili vinataka uje hapa mara kwa mara mwanzoni, tukupime damu na figo. Moyo wako umewahi kwenda mbio?"

"Moyo wangu hauna neno, daktari. Bado naweza kuoa!"

Mama akacheka. Kipimo cha moyo nacho hakikuonyesha kitu, kwa kuwa siku hiyo ulikuwa umetulia. Kasuku akatazama viatu vyake. Babu akapewa vidonge vya kwanza.

Tezi zilinywea, kweli. Lakini mikono ikajaa madoa meusi ya damu iliyovilia, na babu akawa anahema hata akiwa amekaa. Kisha akaanguka kibandani, uso ukagonga ukingo wa meza. Kasuku alimkuta sakafuni katikati ya saa za watu, damu haikatiki. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Wodini, uso wa babu ulivimba hata hatambuliki. Mama alilia bila kujificha. Kasuku hakula, wala hakuongea. Nimemuua babu, alijiambia. Mdomo wote huu, na siku ulipohitajika nikaufunga.

Daktari akaja. "Ilikuwaje, mzee?"

"Niliteleza," babu akanong'ona.

"Basi ukipata nafuu tutaendelea na vidonge vile vile."

Kasuku akamtazama babu. Babu akatikisa kichwa kidogo: usiseme.

"Hakuteleza!" akalipuka. "Moyo wake unakwenda mbio, tangu kabla ya dawa! Nilijua! Nilijua, nikanyamaza!"

Mama akashika kichwa. Babu akageukia ukutani.

"Niliogopa mtaniacha," akasema. "Mzee kama mimi, nani atahangaika naye?" Mabega yake yakaanza kutikisika. Kasuku hakuwahi kumwona babu akilia.

Daktari akavuta kiti, akakaa. "Hatumwachi mtu kwa sababu ya uzee, mzee wangu. Tunatafuta dawa inayoufaa mwili wake. Ukinificha moyo wako, ninamtibu mtu mwingine, si wewe." Kisha akamgeukia Kasuku. "Na wewe, binti, siri inayomdhuru mtu haitunzwi, hata akikuomba kwa machozi. Mwambie mtu mzima mapema."

Vidonge vile vikasimamishwa, moyo ukapewa dawa yake, ndipo babu akaanzishiwa vya aina ya pili. Alirudi kibandani, lakini mikono ilitetemeka. Saa ndogo hakuziweza tena, na siku nyingine alikaa tu akizitazama.

Waliporudi hospitali, daktari aliuliza, "Moyo unaendeleaje, mzee?"

"Moyo wangu hauna..." babu akaanza, akajikatiza.

"Muulize Kasuku," akasema.

Kasuku akavuta pumzi, akasema yote aliyoyaona kibandani.